Chanjo ya Ndigana Kali Haizuii Ndigana Baridi

Mfugaji wa Kapsoya ambaye ng'ombe wake amechanjwa ndigana kali na kuvishwa hereni sikioni asidhani amemaliza kazi. Chanjo hiyo, iliyobuniwa Muguga katika miaka ya 1970, haimkingi ng'ombe dhidi ya ndigana baridi. Majina yanafanana na magonjwa yote mawili huletwa na kupe, lakini vimelea ni tofauti kabisa.

Ndigana baridi husababishwa na bakteria aitwaye Anaplasma marginale, aliyeelezwa na Arnold Theiler huko Afrika Kusini mwaka 1910. Huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, na mwili wa ng'ombe wenyewe huziharibu chembe hizo. Ng'ombe hupata homa, maziwa hupungua, kinyesi hukauka na ufizi huwa mweupe au manjano. Mkojo haubadiliki kuwa mwekundu. Ndama huugua kidogo tu. Wanaokufa zaidi ni ng'ombe wakubwa, yaani wale wale wanaokamuliwa.

Kuna chanjo hai, inayotumika Israel, Afrika Kusini na Australia, lakini hutengenezwa kwa damu ya ng'ombe na inaweza kubeba magonjwa mengine. Ndiyo maana watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, wamekuwa wakichunguza protini za ngozi ya nje ya bakteria huyo tangu miaka ya 1980. Ng'ombe waliochanjwa kwa mchanganyiko wa protini za ngozi hiyo walipata kinga nzuri. Ugumu ni kuchagua chache zinazotosha, kwa sababu baadhi hubadilika kila mara, kama mwizi anayebadilisha koti polisi wakimkaribia.

Mpaka chanjo ya aina hiyo ipatikane, silaha ni kuogesha au kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe kila mara, na kumwita daktari wa mifugo mapema. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa yasiuzwe wala kunywewa hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

Na sindano? Hili husahaulika sana. Ng'ombe aliyepona hubaki na bakteria kwenye damu kwa miaka mingi, pengine maisha yake yote, akionekana mzima. Sindano moja ikizungushwa boma zima, au kifaa cha kukata pembe kisiposafishwa, ugonjwa huenea hata pasipo kupe. Kila ng'ombe apate sindano yake.