Wi-Fi Imegoma? Usikimbilie kwa Fundi Kwanza

Ni Jumapili jioni. Watoto wanataka kutazama katuni, nawe una barua ya kuomba kazi ambayo sharti ifike kabla ya saa sita usiku. Unaitazama simu yako. Alama ya Wi-Fi ipo na imejaa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Je, ndugu msomaji, wewe hufanya nini mambo yanapofikia hapo?

Wengi wetu huanza kubonyeza kila kitu ovyo, au huibeba simu mbio hadi kwa fundi. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu ninayeishi naye hapa Nairobi, aliwahi kufanya yote mawili.

"Mjomba, simu imeharibika," aliniambia usiku mmoja, akiwa na kazi ya kumtumia mhadhiri wake.

Kulipopambazuka, kabla sijaamka, alikuwa keshafika kwenye kibanda cha fundi mtaani. Fundi hakuuliza maswali. Aliirejesha simu jinsi ilivyotoka kiwandani, akapokea pesa zake na kusema sasa iko sawa. Kijana aliporudi nyumbani, hali ilikuwa ile ile. Hapo ndipo nilipokitazama kisanduku cha mtandao ukutani na kuona taa nyekundu. Vibarua waliokuwa wakichimba mtaro kando ya barabara walikuwa wameukata waya.

Simu haikuwa na ugonjwa wowote. Lakini picha zote zilikuwa zimefutika, zikiwemo picha za mwisho za marehemu nyanyake, ambaye ni mama yangu mzazi. Hakuwa ameziweka mahali pengine popote. Kweli wahenga hawakukosea waliposema kwamba haraka haraka haina baraka.

Wi-Fi si intaneti

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayosafiri kati ya simu yako na ruta, yaani kile kisanduku chenye taa kilichoko sebuleni. Intaneti nayo hukifikia kisanduku hicho kwa njia nyingine, aghalabu waya wa faiba au laini ya simu.

Chukua mfano wa maji. Ukifungua mfereji jikoni na maji yasitoke, huenda mfereji ni mzima kabisa, ila bomba la kule barabarani limepasuka. Vivyo hivyo, alama ya Wi-Fi ikijaa maana yake ni kwamba simu na ruta zinasikilizana vizuri. Haisemi lolote kuhusu yanayotokea kutoka ruta kwenda nje. Kwa hivyo, kabla ya kugusa chochote, jiulize maswali matatu.

Je, simu nyingine zinapata?

Mwombe mtu mwingine nyumbani ajaribu. Ikiwa hakuna simu inayopata intaneti, usiilaumu yako. Kagua kwanza kama ada ya mwezi imelipwa. Kisha chomoa ruta kwenye stima, ngoja nusu dakika, uichomeke tena na kuipa kama dakika tano ijipange. Hatua hiyo pekee huondoa matatizo mengi.

Kwa wenye faiba, tafuta taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka au kupepesa kwa rangi nyekundu, mwanga unaobeba mawasiliano haufiki kwenye kisanduku. Huenda waya umekatika au umekunjwa mno. Hapo dawa ni kuipigia simu kampuni inayokuletea huduma. Tafadhali usidunge sindano kwenye kile kitundu kidogo cha ruta. Kwa kawaida kitundu hicho hufuta mipangilio yote, na wakati mwingine huduma haitarudi hadi mafundi wa kampuni waje.

Wakati mwingine hitilafu huwa mbali zaidi. Mnamo Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya na katika nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna kitufe cha simu kitakachokusaidia.

Je, ni mahali ulipo?

Ikiwa wengine wanapata, sogea hadi karibu na ruta. Ikiwa hapo simu inafanya kazi na chumbani haifanyi, tatizo ni umbali au kuta. Nyumba zetu za ghorofa zina kuta za mawe na milango ya chuma, na mawimbi hayapendi vitu hivyo.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya 5 GHz yana kasi zaidi lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta. Yale ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi, ila ndiyo yanayosongamana majirani wanapokuwa na ruta zao. Isitoshe, oveni ya maikrowevu hutumia mawimbi ya karibu na hayo hayo, na inaweza kuyavuruga unapopasha chakula. Weka ruta mahali pa wazi na pa juu, katikati ya nyumba. Usiifiche nyuma ya televisheni au kabatini.

Je, ni simu yako peke yake?

Hapa sasa ndipo unapoweza kuishuku simu. Anza na dawa nyepesi. Washa hali ya ndege kwa sekunde chache kisha uizime. Ikishindikana, zima simu na kuiwasha upya. Kama bado, ingia kwenye mipangilio, uiagize isahau mtandao huo, kisha uweke neno la siri upya. Kumbuka kwamba herufi kubwa na ndogo si sawa.

Halafu tazama tarehe na saa. Tovuti nyingi huionyesha simu cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu inayodhani kwamba tungali mwaka 2015 hukikataa cheti hicho na kudai kwamba ukurasa si salama. Pia, kama unatumia VPN, izime kwa muda.

Wanafunzi wanaoishi katika mabweni wajue jambo moja zaidi. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu nyingi huficha nambari yake halisi ya kifaa na kuupa kila mtandao nambari tofauti. Ikiwa mtandao wa chuo huruhusu vifaa vilivyosajiliwa pekee, simu yako inaweza kufungiwa nje. Katika mipangilio ya mtandao huo, chagua itumie nambari halisi ya kifaa.

Yote yakishindikana, rejesha mipangilio ya mtandao peke yake. Hatua hii hufuta maneno ya siri ya Wi-Fi na vifaa ulivyounganisha kwa Bluetooth, lakini haigusi picha wala ujumbe. Usiichanganye na ile ya kuirejesha simu jinsi ilivyotoka kiwandani, ambayo hufagia kila kitu.

Jaribio la mwisho ni kumwomba mwenzako akugawie intaneti ya simu yake. Ikiwa yako inaipata bila shida, basi ni nzima. Ikiwa inakataa kila Wi-Fi unayoijaribu, sasa unayo sababu ya kumwona fundi.

Na ukienda, mwulize fundi kabla hajaigusa: "Kazi hii itafuta nini?" Asipokuwa na jibu, chukua simu yako uondoke. Mpwa wangu aliituma kazi yake siku ile ile kwa kununua bando, na mhadhiri akaipokea. Picha za nyanyake ndizo hazikurudi. Leo jioni, Wi-Fi ikiwa nzima, nakili zako mahali pengine.