Bega Linalouma Baada ya Kiharusi: Ultrasaundi Huonyesha Nini?

Baada ya kupata kiharusi, wagonjwa wengi hulalamika kwamba bega la upande uliopooza linauma. Maumivu hayo huwanyima usingizi na kuwafanya wakatae mazoezi. Mkono usiofanyishwa mazoezi hukakamaa, na uwezekano wa kuutumia tena hupungua. Kwa hivyo, maumivu haya hayafai kupuuzwa.

Kwa nini bega huuma?

Bega hushikiliwa na misuli na kano. Kiharusi kinapodhoofisha misuli, uzito wa mkono huvuta mfupa chini na bega huweza kuteguka kidogo. Mgonjwa akiinuliwa kwa kuvutwa mkono, kano zinaweza kuumia. Wakati mwingine misuli hukaza mno, kiungo hukakamaa, au maumivu hutokana na ubongo wenyewe uliodhurika.

Uchunguzi hufanywaje?

Mashine ya ultrasaundi, ambayo kina mama wajawazito wanaifahamu, hutumia mawimbi ya sauti wala haina miale kama eksirei. Mhudumu hupaka jeli begani na kupitisha kifaa juu ya ngozi. Mgonjwa hadungwi sindano wala halazwi. Eksirei huonyesha mifupa vizuri, lakini ultrasaundi huonyesha kano zilizochanika au kuvimba, na maji yaliyojikusanya kwenye kiungo.

Hata hivyo, picha pekee haitoshi. Kuna watu wenye kano zilizochanika wasiohisi maumivu, na wengine huumwa sana ilhali picha haionyeshi kasoro. Ndiyo maana daktari humpima mgonjwa kwanza, kisha hulinganisha na picha kabla ya kuamua matibabu.

Wanaomtunza mgonjwa nyumbani wazingatie haya:

• Msimvute mkono wala kumwinua kwa makwapa.
• Anapoketi, mkono dhaifu uwekwe juu ya mto au meza, usining'inie.
• Mkono dhaifu utangulie kuvishwa nguo, na uwe wa mwisho kuvuliwa.
• Msiuinue kwa nguvu juu ya kichwa. Mtaalamu wa fiziotherapia atawaonyesha mazoezi yanayofaa.

Mgonjwa asiyeweza kuzungumza huonyesha maumivu kwa kukunja uso anapovishwa shati au kugeuzwa kitandani. Mkiona dalili hiyo, mpelekeni katika kituo cha afya kilicho karibu mapema, pamoja na karatasi zake za kliniki, ili apimwe na kupewa rufaa ikihitajika.