Bibi Katharine Hepburn na Meli ya Ziwa Letu

Hapana mtu wa Kigoma au Ujiji asiyeijua meli ya Liemba. Wazee wetu wameipanda kwenda Kasanga na Mpulungu, na wengi wetu tumekua tukisikia honi yake. Lakini si wengi wajuao kwamba vita ya ziwa hili, ambayo meli hiyo ilikuwamo, ndiyo iliyozaa kitabu kimoja cha hadithi. Kitabu kikafanywa sinema. Na sinema ikaongeza sifa ya mwanamke mmoja wa Marekani anayehesabiwa miongoni mwa waigizaji hodari kabisa wa karne ya ishirini. Jina lake ni Katharine Hepburn. Mimi ndiye mwalimu ninayekiangalia chama cha michezo ya kuigiza cha shule yetu, na nimeona vyema nieleze maisha yake, kwani wanafunzi wengi hudhani kuigiza ni kipaji cha kuzaliwa nacho tu.

Kwanza tukumbuke habari za meli. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa Reli ya Kati. Iliteremshwa majini mwezi Februari 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha kuanza. Waingereza nao wakaleta mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa kupitia Kongo, na mahali pengine zilivutwa juu ya nchi kavu. Mashua hizo ziliteka meli moja ndogo ya Wajerumani mwezi Desemba 1915, na Februari 1916 nyingine ikazamishwa. Götzen hazikuigusa. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha mwezi Julai 1916, walipokuwa wakiiacha Kigoma, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito zisiliwe na kutu. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Mwandishi Mwingereza, C. S. Forester, aliifuata habari hiyo akatunga hadithi ya kubuni iitwayo The African Queen, iliyotolewa mwaka 1935. Inaeleza habari za mwanamke wa misheni, Rose Sayer, anayefiwa na kaka yake wakati wa vita. Rose anamshawishi mwenye mashua moja mbovu, Charlie Allnut, wateremke mtoni mpaka ziwani wakaizamishe meli kubwa ya Wajerumani. Ilipofanywa sinema mwaka 1951, Rose alikuwa Bibi Hepburn, na Charlie alikuwa Humphrey Bogart.

Bibi Hepburn alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 katika mji wa Hartford, Marekani. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, na mama yake alipigania haki ya wanawake kupiga kura. Mwaka 1928 alimaliza masomo katika chuo cha Bryn Mawr, akaingia katika kazi ya jukwaani mara moja.

Mwanzo wake haukuwa mzuri hata kidogo. Alikuwa na tabia ya kusema haraka haraka hata watu wasimfahamu, na mwaka huo huo wa 1928 alipopewa nafasi kubwa katika mchezo mmoja, alifukuzwa baada ya kuonyesha mara moja tu. Basi akajifunza kutumia sauti kwa mwalimu huko New York. Mwaka 1932, katika mchezo uitwao The Warrior's Husband, aliingia jukwaani akishuka ngazi mbio, amebeba paa dume mabegani. Watu wa sinema wakamwona, wakamwita Hollywood. Kwa sinema yake ya tatu, Morning Glory ya mwaka 1933, alipata tuzo ya Oscar.

Sifa hiyo haikudumu. Mwisho wa mwaka 1933 alirudi jukwaani New York katika mchezo uitwao The Lake, yaani Ziwa, akashindwa vibaya na wahakiki wakamcheka. Hata hivyo alitafuta mwalimu wa sauti, akaendelea kujifunza wakati mchezo ungali unaonyeshwa. Kisha sinema zake kadhaa zikakosa watazamaji, na mwaka 1938 chama cha wenye majumba ya sinema kikatangaza hadharani majina ya waigizaji waliokuwa, kwa maneno yao, sumu ya biashara. Jina lake lilikuwamo.

Mtu mwingine angaliacha kazi. Yeye alijikomboa katika mkataba wake kwa fedha, akarudi kwao. Mwandishi Philip Barry akamtungia mchezo, The Philadelphia Story, ulioonyeshwa New York mwaka 1939 zaidi ya mara 400. Wenye sinema walipoutaka mchezo huo, walikuta haki ya kuufanya sinema i mkononi mwa Bibi Hepburn mwenyewe, naye hakuitoa mpaka wakubali kwamba yeye ndiye atakayeigiza. Sinema hiyo ya mwaka 1940 ilipendwa mno, na neno la sumu likasahauliwa.

Alipokuja Afrika mwaka 1951 alikuwa na umri wa miaka 44. Sinema haikupigwa katika Ziwa Tanganyika, bali Kongo, katika mto Ruiki karibu na Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani, na Uganda, upande wa Butiaba na maporomoko ya Murchison. Bibi Hepburn aliugua tumbo la kuhara kwa sababu ya maji machafu, akadhoofika sana, lakini aliendelea na kazi. Bogart na mwongozaji wa sinema, John Huston, walisema wao walipona kwa sababu walikunywa wiski badala ya maji. Wanafunzi wasichukue hilo kuwa fundisho. Fundisho ni kuchemsha maji. Sehemu za kuingia mtoni zilipigwa Uingereza, ndani ya birika kubwa, kwa kuogopa maradhi ya majini.

Kuna jambo moja la kazi hiyo ambalo kila mwigizaji wetu yampasa kulijua. Siku za kwanza Bibi Hepburn alimwigiza Rose kwa uso wa huzuni na ukali. Huston akamwambia amfikiri Bibi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, alivyokuwa akiwatazama askari majeruhi hospitalini akiwa na tabasamu. Bibi Hepburn alisema baadaye kwamba hapana shauri bora alilopata kupewa na mwongozaji. Sababu yake ni wazi. Uso wa huzuni tangu mwanzo mpaka mwisho huwachosha watazamaji. Lakini mtu atabasamuye katika taabu, ushujaa wake huonekana bila kutajwa.

Baada ya hapo hakuacha kujifunza. Mwaka 1955 nchini Australia, na mwaka 1957 Marekani, aliigiza Portia katika mchezo wa Shakespeare ambao sisi tunausoma kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi. Alipata Oscar nyingine kwa sinema za mwaka 1967, 1968 na 1981. Jumla ni nne, na hapana mwigizaji mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyefikia idadi hiyo kwa kuigiza. Katika ile ya mwisho kichwa na sauti yake vilikuwa vikitetemeka kwa maradhi, wala hakujificha. Alifariki tarehe 29 Juni 2003, mwenye umri wa miaka 96.

Ningependa wasomaji wafahamu pia upungufu wa The African Queen. Mwisho wake meli ya Wajerumani inalipuka na kuzama, na sisi twajua kwamba meli yetu haikupatwa na hayo. Tena Waafrika waliomo wanaonekana kama kundi tu: waumini kanisani, wanakijiji, askari. Wachukuzi na vibarua walioivutia njia Mimi na Toutou hawamo, wala waliofanya kazi ya kuiunga Götzen hapa Kigoma. Hadithi yao bado haijaigizwa, na chama chetu kimeazimia kuitunga na kuionyesha.

Kwa ajili hiyo tunahitaji wavulana na wasichana. Wako wazazi wasiopenda binti zao wasimame jukwaani, wakiona ni kupoteza wakati wa masomo. Nawaomba wamtazame Bibi huyu, aliyemaliza chuo kwanza, kisha akaifanya kazi yake kwa bidii ile ile ya darasani. Binti ajifunzaye kusema wazi mbele ya watu mia tatu hatashindwa kusema mbele ya mtahini, wala mbele ya baraza la wilaya. Na mwanafunzi ambaye muhula uliopita alisahau maneno, wenzake wakamcheka, arudi. Nafasi yake ipo.