Mahindi Yakitoa Mbelewele Februari

Muulize mkulima wa Kongwa au Bahi, mkoani Dodoma, mwaka ulikuwaje. Hatakutajia milimita, atakusimulia Februari. Na yuko sahihi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida hukusanya milimita 500 hadi 600 hivi. Kiasi hicho kingetosha hindi la muda mfupi kama kingekuja kwa mpango. Lakini kati ya mwisho wa Januari na Februari mvua ina tabia ya kukatika, wiki mbili, mara nyingine tatu, kisha inarudi Machi kwa fujo wakati hindi limeshamaliza mambo yake.

Mambo yenyewe ni haya. Mbelewele zilizo juu humwaga chavua kwa siku chache tu. Kila unywele unaochomoza kwenye gunzi changa umeungana na punje moja. Chavua isipoufikia, punje hiyo haitakuwepo. Jua likiwa kali na udongo umekauka, nywele huchelewa kutoka kuliko mbelewele. Zinapochomoza, chavua imeshakwisha. Mwezi wa tano unamenya hindi unakuta gunzi lenye mapengo kama mdomo wa babu. Mvua ya Machi haizibi mapengo hayo, wala mfuko wa yurea.

Kwa hiyo hesabu yako ianze kwenye mbelewele, irudi nyuma hadi siku ya kupanda. Mbegu ya muda mfupi kama Situka hutoa mbelewele zikikaribia siku 55. Ukipanda Desemba 10, maua yanaangukia mwanzoni mwa Februari, yaani mdomoni mwa ukame. Mbegu za muda mrefu za nyanda za juu, ambazo bado naziona zikiuzwa madukani huku, zina balaa la pili: zinataka maji hata baada ya mvua kuaga. Ushauri wangu ni kutopanda shamba lote siku moja. Nusu ipande mvua ya kwanza ya uhakika, nusu nyingine siku kumi hadi kumi na nne baadaye. Ukame wa wiki mbili ukipiga kundi moja kwenye maua, lingine linaweza kupona.

Nimesema mvua ya uhakika. Manyunyu ya Novemba yanayolowesha vidole viwili yamewatia hasara watu wengi: mbegu inaota, jua linawaka, unarudi dukani kununua nyingine. Chukua jembe, chimba sentimita 25 hivi, teka udongo wa chini kabisa uufinyange kiganjani. Ukishikamana, panda. Ukimwagika kama unga, subiri, hata kama jirani ameshamaliza. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilize, hasa ule wa siku kumi, ila kumbuka kwamba "juu ya wastani" ni habari ya jumla ya mvua. Jumla nzuri inaweza kubeba ndani yake Februari mbaya.

Mahindi yakishaota, wengi huogopa mapema mno. Mpaka mmea uwe na majani kama sita, ncha yake ya kukua bado iko chini ya ardhi. Pasua shina moja kwa kisu utaiona, ndogo na nyeupe, imejificha. Majani yanayojikunja saa nane mchana na kufunguka jioni yanajihami tu. Ukiyakuta yamejikunja saa mbili asubuhi, hapo maji yamekwisha kweli. Siku hizo kagua pia viwavijeshi vamizi ndani ya bomba la majani, maana hali ya ukavu huwafaa kuliko mvua kubwa.

Kitu cha kwanza cha kufanya kwa mikono yako ni palizi. Magugu hunywa kabla ya hindi, na palizi ya wiki ya pili au ya tatu huokoa maji ambayo huna namna nyingine ya kuyapata. Cha pili ni kuzuia maji yasikimbie. Milimita moja ya mvua kwenye hekta moja ni lita 10,000. Mvua ya milimita 40 ikishuka kwa saa moja kwenye udongo mgumu, sehemu kubwa inaishia korongoni. Matuta yaliyofungwa kwa vizuizi kila baada ya hatua mbili, au mashimo madogo ya kupandia yaitwayo mashimo ya Chololo, yanaifanya ibaki ilipoangukia. Mbolea ya kukuzia igawe mara mbili, uifukie udongo ukiwa na unyevu. Februari ikikauka kabla ya awamu ya pili, mfuko uliobaki ni fedha uliyookoa.

Na mtama? Mtama ukikosa maji husimama, ukisubiri, kisha huendelea mvua ikirudi. Hindi halina uwezo huo. Najua malalamiko: kweleakwelea, watoto kushinda shambani wakifukuza ndege, na ugali wake wengine hawautaki. Hata hivyo ningeyaacha mahindi bondeni kwenye udongo mzito, na miinuko yote ningeipa mtama wa muda mfupi kama Macia.

Mwaka wa ukame una deni lake hata baada ya mavuno. Hindi lililoteseka kwa kiu wakati wa kujaza punje hushambuliwa kirahisi na kuvu wanaotengeneza sumukuvu, nao huanza kazi mahindi yakiwa bado shambani. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Usirundike mahindi chini. Anika juu ya turubai mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tia chumvi iliyokaushwa vizuri kwenye chupa kavu pamoja na punje, tikisa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kutobolewa zitenge wakati wa kupukuchua uzifukie, zisiende kwa kuku wala kwenye pombe.