Pete au Kazi: Ayalandi Mwaka 1973

Hadi mwisho wa Julai 1973, karani wa kike katika wizara yoyote ya serikali ya Ayalandi alijua kwamba akiolewa, kazi imekwisha. Hakuwa na kosa lolote. Kanuni za utumishi wa umma zilimtaka ajiuzulu, akakabidhiwa kiinua mgongo kama ametumikia miaka ya kutosha, na kiti chake kikachukuliwa na mwingine. Mume akifariki, aliruhusiwa kuomba arudishwe. Benki na halmashauri zilikuwa na utaratibu wa namna hiyo hiyo. Walimu wa shule za msingi peke yao ndio walioondolewa mapema kizuizi hicho, mwaka 1958.

Historia ya Ayalandi husimuliwa zaidi kwa miaka ya bunduki: uasi wa 1916, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922, machafuko ya Kaskazini ya 1969. Kwa anayetaka kuelewa maisha ya ndani ya nyumba za watu, mwaka 1973 unastahili kupewa nafasi kubwa kuliko unayopewa.

Mwaka wenyewe ulianza kwa kishindo. Tarehe 1 Januari Ayalandi iliingia katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya pamoja na Uingereza na Denmark, baada ya asilimia 83 ya wapiga kura kukubali hatua hiyo Mei 1972. Siku chache baadaye yalitiwa saini mabadiliko mawili ya Katiba. La kwanza lilishusha umri wa kupiga kura kutoka miaka 21 hadi 18. La pili lilifuta kifungu kilichoitambua nafasi ya pekee ya Kanisa Katoliki. Hata hivyo, Waziri Mkuu Jack Lynch aliitisha uchaguzi mwezi Februari, kabla daftari jipya la wapiga kura halijaanza kutumika, kwa hiyo vijana waliokwisha kupewa haki hiyo wakabaki watazamaji. Chama chake cha Fianna Fáil kikaanguka baada ya miaka 16 madarakani, na muungano wa Fine Gael na Labour ukaunda serikali chini ya Liam Cosgrave. Mwezi Juni, Rais Éamon de Valera aliondoka ikulu akiwa na umri wa miaka 90. Aliyempokea kijiti cha urais, Erskine Childers, alikuwa Mprotestanti.

Kuondoka kwa de Valera kuna uzito wake, kwa kuwa Katiba ya 1937 ilikuwa kazi yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Ibara ya 41 ya Katiba hiyo inasema kwamba mwanamke, kwa maisha yake ndani ya nyumba, huipa dola msaada ambao bila huo ustawi wa wote hauwezi kupatikana, na kwamba dola itajitahidi kuhakikisha mama hasukumwi na dhiki kwenda kufanya kazi akaacha majukumu yake ya nyumbani. Kwa miaka mingi maneno hayo yalikuwa kinga ya kila kanuni iliyomrudisha mwanamke jikoni.

Kizuizi cha ndoa serikalini kilivunjwa na taarifa ya tume. Tume ya hali ya wanawake, chini ya Thekla Beere, mwanamke wa kwanza kuwa katibu mkuu wa wizara nchini humo, ilikabidhi ripoti yake Desemba 1972 na kupendekeza kifutwe. Bunge likatunga sheria, na tarehe 31 Julai kikafutwa. Mwaka huo huo mama asiye na mume alianza kulipwa posho na serikali. Kabla ya hapo, msichana aliyeshika mimba nje ya ndoa alikuwa na njia chache mno: nyumba zilizoendeshwa na masista, kumtoa mtoto alelewe na wengine, au kupanda meli kwenda Uingereza.

Lakini jambo zito kuliko yote lilitokea mahakamani, tarehe 19 Desemba. May McGee aliishi Skerries, kaskazini ya Dublin, katika nyumba ya magurudumu. Mumewe alikuwa mvuvi mwenye kipato kidogo. Walikuwa na watoto wanne, na mimba zake zilikuwa na matatizo makubwa; alipata hata kuganda kwa damu kwenye ubongo, akapooza kwa muda. Daktari alimwambia kwamba akishika mimba nyingine maisha yake yatakuwa hatarini. Akamwandikia kifaa cha kuzuia mimba pamoja na dawa ya kupaka, ambayo ilibidi iagizwe Uingereza. Kifurushi kilipofika, maofisa wa forodha wakakikamata. Sheria ya 1935 ilipiga marufuku kuuza na kuingiza nchini vitu hivyo.

Wanawake walikwishaipinga sheria hiyo hadharani. Mei 1971 kundi lao lilipanda treni kwenda Belfast, Ayalandi ya Kaskazini, ambako sheria hiyo haikutumika, likarudi Dublin na vidhibiti mimba mikononi mbele ya maofisa wa forodha. Vidonge vilihitaji cheti cha daktari, hivyo baadhi yao walinunua aspirini na kuzimeza stesheni mbele ya watu wote. Maofisa hawakujua tofauti. Seneta Mary Robinson, ambaye baadaye angekuwa rais, alipeleka muswada wa kuibadilisha, nao ukakataliwa hata kusomwa mara ya kwanza.

McGee alishindwa Mahakama Kuu, akakata rufaa. Mahakama ya Juu ikampa ushindi, majaji wanne dhidi ya mmoja. Jaji Brian Walsh aliegemea Ibara ya 41 yenyewe: kama dola imeahidi kuilinda familia, basi idadi ya watoto ni uamuzi wa mume na mke, na forodha haina la kufanya humo. Wenzake waliegemea zaidi haki za mtu binafsi katika Ibara ya 40. Naiona hoja ya Walsh kuwa ya ujasiri mkubwa, kwa kuwa ibara iliyotumika kumfungia mama nyumbani ilitumika kuifungia serikali mlango wa chumba chake.

Ushindi huo ulikuwa na mipaka. Uliwahusu wanandoa na matumizi yao wenyewe. Kuuza kulibaki kosa. Serikali ilipoleta muswada wa vidhibiti mimba mwaka 1974, Cosgrave alipiga kura kuupinga muswada wa serikali yake mwenyewe, ukaanguka. Sheria ya 1979 ikaruhusu vidhibiti mimba kwa cheti cha daktari tu. Kuhusu mishahara, msukumo ulitoka Ulaya: serikali ilipoomba mwaka 1976 kuahirisha usawa wa malipo kati ya wanawake na wanaume, Tume ya Jumuiya ya Ulaya mjini Brussels ilikataa. Kamishna wake wa masuala ya jamii wakati huo alikuwa Patrick Hillery, Mwayalandi.

Hukumu ya McGee iliwatia hofu pia waliodhani kwamba majaji wangefika siku moja kuhalalisha utoaji mimba, kama ilivyotokea Marekani Januari 1973. Hofu hiyo ilichangia kura ya maoni ya 1983, ambapo karibu asilimia 67 waliweka marufuku ya utoaji mimba ndani ya Katiba. Mwaka 2018, asilimia 66 waliiondoa. Machi 2024 wapiga kura waliulizwa kama maneno ya Ibara ya 41 kuhusu mwanamke na nyumba yafutwe, yawekwe mapya kuhusu matunzo ndani ya familia. Karibu asilimia 74 walikataa, wakiwemo waliotaka dola ibanwe zaidi kuwasaidia wanaowatunza wagonjwa na walemavu. Maneno ya 1937 yamebaki yalivyo.