Mwanaseminari mbele ya Mjuzi wa Psikolojia

Siku hizi, mbele ya kupokelewa katika seminari kubwa, ao katikati ya malezi, kijana anaweza kuombwa aende kuongea na mjuzi wa psikolojia, maana yake mtu aliyesomea mambo ya akili na moyo wa binadamu. Mjuzi huyo anamwuliza habari za maisha yake, anampa maswali ya kujibu kwa maandiko, kisha anaandika ripoti. Vijana wengi wanaogopa. Mmoja anasema: «Mkubwa anatafuta njia ya kunifukuza.» Mwingine anafikiri kwamba anahesabiwa kuwa mwenye wazimu. Basi inafaa tueleze Kanisa linataka nini.

Msingi ni kanuni ya 220 ya Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983: ni marufuku kuharibu bila haki jina jema la mtu, na kila mtu ana haki ya kulinda mambo yake ya siri. Mwaka 2008 Kongregasio ya Elimu Katoliki, huko Roma, ilieleza namna ya kutumia psikolojia katika malezi ya mapadri. Mwaka 2016 Mwongozo mpya wa malezi ya mapadri ulithibitisha mafundisho hayo. Tuyataje kwa kifupi.

1. Kijana akubali mwenyewe. Akubali mbele ya kazi kuanza, kwa hiari, akijua vema anachokubali, na kwa maandiko. Kwa hiyo anaweza kuuliza: Ninatumwa kwa sababu gani? Nitapimwa nini? Nani atasoma ripoti? Kuuliza hivyo si kiburi.

2. Achague. Anaweza kwenda kwa mjuzi mmoja kati ya wale walioonyeshwa na walezi, ao kumtafuta mwenyewe, walezi wakimkubali.

3. Anaweza kukataa. Walezi hawana ruhusa ya kumshurutisha. Watamhukumu kwa yale wanayoyajua tayari. Lakini tusidanganyane: hakuna mtu mwenye haki ya kudai upadirisho. Askofu asipokuwa na hakika kwamba kijana anafaa, hawezi kumwekea mikono.

4. Siri ilindwe. Wanaoruhusiwa kujua maneno ya ripoti ni Askofu, Mkubwa wa seminari na padri kiongozi wa roho. Paroko, katekista, walimu wengine na wanafunzi wenzake hawamo. Tena kanuni ya 240 inakataza kabisa kuomba shauri la muungamishi ao la kiongozi wa roho wakati wa kuamua kama kijana apewe daraja ao aondoke.

5. Mjuzi si mlezi. Hawezi kuhesabiwa katika kundi la walezi. Yeye anatoa nuru tu. Kuamua ni kazi ya Askofu na wakubwa. Wala mazungumzo naye hayachukui nafasi ya uongozi wa roho.

Haki hizo zina wajibu wake. Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Kijana anayekubali kwa mdomo, kisha anajibu uwongo ili aonekane mzuri, anajidanganya mwenyewe na taifa la Mungu atakalolitumikia. Jeraha la utoto likijulikana mapema, mara nyingi linaweza kutunzwa. Likifichwa, litamwumiza padri na waamini wake.

Nanyi mapadri wa misioni na makatekista, mna sehemu yenu. Kijana akirudi nyumbani kutoka seminari, kijiji kizima huuliza sababu. Neno moja tu, «walimpima akili», linaweza kumharibia ndoa, kazi na jina kwa miaka mingi, hata kama ripoti haikusema lolote baya. Tusilitamke neno hilo, wala tusiwaache wengine walitamke. Tumwachie yeye mwenyewe aeleze, akitaka. Nasi tumpokee kama ndugu, tumsaidie kutafuta njia nyingine ya kumtumikia Mungu.