Mvua Inabeba Nini Ziwani?



Hapa Bukavu mvua ikinyesha, maji inateremuka toka Kadutu mpaka mto Kahuwa, na Kahuwa inaingia katika ziwa Kivu. Maji ile inabeba udongo, masashe, mafuta ya motokari na uchafu wa vyoo. Wengi wetu tunaangalia mto siku ya jua na kusema: «Bado iko safi kidogo.» Hapo tunajidanganya.

Ili kujua mzigo wa uchafu tunapima vitu viwili: uchafu wa lita moja, na lita zinazopita kila sekonde. Kisha tunazidisha. Tuseme siku ya jua ni gramu 0,1 ya udongo kwa lita, lita 50 kwa sekonde: kilo 18 kwa saa. Mvua ikipiga, tuseme gramu 2 kwa lita, lita 1.000 kwa sekonde: kilo 7.200! Saa moja ya mvua imepita siku 16 za jua.

Tena mara nyingi maji ya kwanza ndiyo mbaya kabisa, kwani inafagia takataka ya siku nyingi. Kwa hiyo wapimaji wanachota chupa nyingi, tangu mvua inaanza mpaka inaisha. Wanasimama darajani na ndoo ya kamba, hawaingii mtoni.

Basi, tusitupe kitu katika mifereji, na maji ya kunywa tuichemshe, hata ikionekana safi: kidudu cha kipindupindu hakionekani na macho. Unachotupa huku juu, dada yako anakichota kule chini.